Kabla Hujalipia Cherehani Kuukuu

Jirani yangu alipiga hodi jioni moja akiwa amebeba kichwa cha cherehani ndani ya gunia la mkaa. Kilikuwa cha marehemu mama mkwe wake, na ndugu walikuwa wameshakubaliana kiuzwe. Kabla hata hajakaa akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, eti hizi si ndizo zenye zebaki?"

Nilicheka, ingawa swali lenyewe limeshawaliza wengi. Uvumi kwamba Singer za zamani zina "zebaki nyekundu" tumboni ulivuma sana Saudi Arabia mwaka 2009. Cherehani ambazo wiki moja kabla hazikuwa na mnunuzi zikaanza kuuzwa kwa bei ya gari. Watu walizipima kwa simu ya mkononi: ukiisogeza karibu na sindano na mawasiliano yakakatika, basi mali ipo. Haikuwepo. Nimefungua cherehani nyingi za aina hiyo, na nilichokuta ndani ni chuma, springi, grisi iliyokauka na vumbi la nyuzi la miaka hamsini. Kwa hiyo akija mtu anayetaka kununua ya bibi yako kwa mamilioni, ila kwanza utoe "hela ya kupima", mwonyeshe mlango.

Thamani ya kile kichwa kilichokuwa guniani iko kwingine, na ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Ilikuwa Singer 28K, cherehani ya mkono. Inashona mshono mmoja tu, ulionyooka, tena kwenda mbele tu. Kwa fundi mwenye foleni ya wateja wa magauni hilo ni pungufu. Kwa anayetaka kushona mfarishi wa viraka, hakuna kingine anachohitaji.

Nasema mfarishi kwa sababu neno tunalo, japo siku hizi wengi wanasema "blanketi la viraka". Ni lile tandiko la matabaka matatu: juu viraka vilivyoungwa, katikati kitu cha kulipa joto na unene, chini kitambaa kizima, kisha yote yakapitishwa nyuzi ili yasitembee. Vitambaa vyake vimejaa majumbani kwetu. Kanga zilizochanika mji lakini pindo bado zima, mabaki ya vitenge kwa fundi, mashati ya wazee. Kinachokosekana mara nyingi ni cherehani inayoweza kuunga vipande vidogo kwa usawa bila kuvitafuna.

Hapo ndipo ya zamani inapozishinda nyingi mpya. Angalia kile kibati kilicho chini ya sindano. Kwenye cherehani ya kisasa inayoshona zigizaga, tundu la kupitisha sindano ni la mlalo, pana, kwa sababu sindano inacheza kushoto na kulia. Ukianza kushona pembe ya kiraka cha kanga, sindano inaisukuma ile pembe ndani ya tundu, na kitambaa kinaliwa. Cherehani ya mshono ulionyooka tu ina tundu dogo la duara, linalotosha sindano kupita na zaidi kidogo. Kitambaa hakina pa kuzama. Mshono wake pia unakwenda sawasawa, kwa kuwa sindano haina njia ya kuyumba pembeni.

Na ikiwa ni ya mkono, unaongeza jambo moja ambalo waliozoea umeme hulidharau: inasimama pale pale unapotaka. Zungusha kidogo, sindano imeshuka. Kidogo tena, imepanda. Kwa viraka vya sentimita kumi huhitaji mbio, unahitaji kusimama kabla ya kupitiliza. Umeme ukikatika wewe unasogea dirishani tu.

Sasa, ipi ununue?

Tuanze na jina. Isaac Singer alipata hataza yake Marekani mwaka 1851, miaka mitano baada ya Elias Howe kupata yake, na kampuni ikawa miongoni mwa za mwanzo kuuza kwa malipo ya kidogo kidogo. Lakini cherehani nyingi za Singer zilizotufikia huku hazikutoka Marekani. Zilitoka Scotland, katika kiwanda cha Kilbowie, mjini Clydebank, kilichofunguliwa mwaka 1885 na kufungwa 1980. Kituo cha treni cha pale mpaka leo kinaitwa Singer. Ile herufi K unayoiona kwenye 15K, 28K, 66K, 99K au 201K ni ya Kilbowie. Namba ya cherehani yenyewe imepigwa mhuri juu ya bati la kitako, upande wa kulia. Ikiwa haina herufi yoyote mbele, ni ya kabla ya mwaka 1900. Ikianza na Y peke yake, ni ya Clydebank, ya miaka ya 1920 hadi katikati ya miaka ya 1930. Ikianza na herufi mbili, kama EA au EC, ni ya baada ya hapo. Ya jirani yangu ilikuwa ya Y. Alipojua kwamba chuma kile huenda kilimzidi umri mama mkwe wake, alikipangusa kwa upindo wa kanga yake bila kuambiwa.

Umri, hata hivyo, usikupumbaze. Hizi zilitengenezwa kwa mamilioni. Kuwa na miaka tisini hakuifanyi kuwa adimu. Anayekuuzia kwa hoja ya "hii ni antiki" mwombe akuonyeshe bobini yake.

Bobini ndiyo swali la kwanza, wala si urembo. 27 na 28, pamoja na 127 na 128 zilizofuata, hazitumii bobini ya duara tuliyoizoea. Zina bobini nyembamba ndefu, mfano wa kipande cha kijiti chenye vichwa viwili, inayokaa ndani ya chombo cha chuma kilichochongoka kama ngalawa. Ngalawa hiyo inayumba mbele na nyuma chini ya bati. Ikipotea, hutaipata kwa muuza nyuzi wa sokoni. Itabidi uagize au utoe nyingine kwenye cherehani iliyokufa. Mimi mwenyewe nilishawahi kununua 27 yenye picha za Sphinx za dhahabu, nzuri ya kuogopesha, nikalipa bila kufungua kibati cha kuteleza. Nilipofika nyumbani nikakuta ngalawa ipo, ila ni ya cherehani nyingine kabisa. Inaingia, inacheza, na haishiki uzi hata mara moja. Muuzaji alinijibu kwamba mimi ndiye niliyesema naijua. Alikuwa na haki.

Kama unaanza, na unataka amani, tafuta jamii ya 15. Bobini yake inauzwa kila duka la vifaa vya ushonaji, pamoja na kikopo chake, na kila fundi wa mtaani anaijua kwa kupapasa tu. Butterfly za Shanghai tulizokua tukiziona kwenye baraza za mafundi ni nakala ya hiyo hiyo 15, na Wajapani nao walitengeneza nakala nyingi baada ya Vita vya Pili. Usizidharau nakala hizi. Butterfly iliyotunzwa itakuungia viraka vizuri kuliko Singer halisi iliyolegea. Tahadhari moja tu: zipo nakala zilizobandikwa maandishi ya Singer ili zipande bei. Singer ya zamani ya kweli ina kidude kidogo cha shaba cha umbo la yai kilichopigiliwa shingoni, si stika.

66 na ndogo yake 99 zina bobini ya kudondosha kwa juu, rahisi kwa mikono ya mzee. Bobini zake hufanana sana na za 15, na hapo wengi hununua sizo. Ziweke mezani: ya 15 ina mashavu bapa, ya 66 mashavu yake yametuna kidogo. Ukiweka ya 15 kwenye 66 itakwaruza, itakata uzi, nawe utamlaumu fundi. 201 ni mashine ya heshima, nzito, tulivu, mshono wake hauna doa. Ukiikuta kwa bei ya kawaida usijadili sana.

Namba 12, ile New Family iliyoanza mwaka 1865, iache kwa wakusanyaji. Sindano zake si za kawaida tena. Hili liwe sheria kwako: cherehani ya kushonea ni ile inayokubali sindano za dukani, zenye kisigino bapa upande mmoja, zinazoandikwa 130/705H, au HAx1, au 15x1. Majina matatu, sindano moja.

Kwa ndugu zetu walioko Marekani kuna kitu kingine, Featherweight, yaani 221, iliyoonyeshwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya dunia ya Chicago mwaka 1933. Mwili wake ni wa alumini, uzito kilo tano tu, na washonaji viraka wa huko wanaipenda kupita kiasi. Ukitumiwa moja na shangazi, soma kibati cha mota kabla ya kuchomeka. Iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani inataka volti 110. Soketi zetu ni 230. Hutapata onyo la pili. Iliyotoka Clydebank, 221K, mara nyingi inakubali umeme wetu, lakini soma tu. Na waya wowote wa zamani ambao mpira wake unabomoka ukiukunja, ubadilishwe kwanza, hata kama mota "inazunguka vizuri".

Haya, uko mbele ya mashine na muuzaji anakutazama usoni. Beba kipande cha kanga kuukuu, sindano mpya, uzi wa pamba, bisibisi ndogo na tochi. Kwanza zungusha gurudumu kuelekea kwako, polepole, duara zima. Unasikiliza. Uzito unaolingana mzunguko mzima si tatizo, ni mafuta yaliyoganda. Lakini ikizunguka laini, kisha ikagonga mahali pale pale kila mara, kuna kitu kimepinda au kimemeza uzi. Shika sindano kwa vidole viwili uitingishe: ikicheza mbele na nyuma pamoja na fimbo yake, imechoka. Inua mguu wa kukandamizia uangalie meno chini yake. Yapapase kwa kidole. Yakiwa bapa kama meno ya mzee, hayatavuta kitambaa. Mulika tochi upande wa chini. Kutu ya juu juu isikutishe, hasa ukiwa Tanga, Mombasa au Unguja ambako chumvi ya bahari haiachi chuma salama. Kutu iliyochimba mashimo kwenye njia ya bobini ndiyo mbaya. Angalia meza yake kama ina unga mdogo mdogo chini ya miguu. Hao ni dumuzi, na utawapeleka kwenye kabati lako.

Kisha jaribio ninalolipenda kuliko yote. Weka karatasi bila uzi, ishone. Matundu yawe kwenye mstari mmoja, umbali mmoja. Yakiwa yanazigizaga kidogo kwenye mashine isiyojua zigizaga, iache. Baada ya hapo ndipo tia uzi.

Sindano watu wengi huigeuza vibaya, na mashine nzuri imeshauzwa kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu hiyo tu. Sindano ina mfereji mrefu upande mmoja. Mfereji huo unatazama upande ambao uzi unatokea kabla ya kuingia tunduni. Kisigino bapa kinabaki upande wa pili. Angalia ndoano ya mwisho ya uzi iko kushoto au kulia, nayo itakuambia. 15 huingizwa uzi kutoka kulia kwenda kushoto, 66 na 99 kutoka kushoto kwenda kulia. Ukimkuta muuzaji analalamika kwamba "inaruka mishono", mwache alalamike mpaka mkubaliane bei, halafu geuza sindano ukishafika kwako.

Yule jirani hakuuza. Tulikaa na kichwa chake Jumamosi nzima, na ningependa nieleze tulivyofanya maana ndivyo kazi ilivyo karibu kila mara.

Gurudumu lilikuwa halitembei hata kwa nguvu za mikono miwili. Hapo ndipo watu huvunja. Chuma cha kumimina hakipindi, kinakatika, na gurudumu si mpini wa kubebea wala wa kubishana nao. Tuliikalisha kwenye jua la saa nne, juu ya magazeti, muda wa saa mbili, ili mafuta ya zamani yalainike. Mtu aliyekuwa na cherehani ile alikuwa ameitia mafuta ya kupikia. Unayajua kwa rangi ya asali na harufu ya kitu kilichochacha. Mafuta ya kupikia hukauka na kuwa gundi. Ya injini nayo ni mazito mno. Tukaivuta ndani, mbali na jiko, tukadondosha mafuta ya taa kila palipo na tundu na kila chuma kinapokutana na chuma, tukaondoka tukala. Tuliporudi nilishika gurudumu nikalitikisa kidogo kidogo, mbele na nyuma, kama unavyomtikisa mtu aliyelala. Halikusogea. Tukaongeza mafuta ya taa. Alasiri likasogea upana wa ukucha. Kabla ya magharibi lilikuwa linazunguka, na maji ya kahawia yanatiririka kwenye magazeti.

Mafuta ya taa huyeyusha lakini hayalainishi. Baada yake futa, kisha tia mafuta halisi ya cherehani, yale meupe mepesi ya kwenye kichupa, tone moja kila tundu, uzungushe mara mia, ufute tena. Kesho yake rudia. Ukisahau hatua hii, chuma kitasagana.

Maua ya dhahabu yaliyo mwilini mwake yana adui mmoja mkubwa, nayo ni spiriti. Rangi nyeusi ya Singer za zamani imefunikwa kwa vanishi ya asili inayoyeyuka kwa spiriti. Unapitisha pamba mara moja, dhahabu inabaki kwenye pamba. Tumia mafuta yale yale ya cherehani kwa kitambaa laini. Sabuni ya unga, hapana. Rangi ya kupuliza, hapana kabisa. Kila ninapoona Singer ya miaka ya 1920 iliyopakwa rangi ya waridi ikaitwa "ya kisasa", nakosa usingizi.

Jambo dogo lililotupotezea saa nzima nilitaje ili lisikupotezee wewe. Katikati ya gurudumu kuna kifuniko cha kukaza na kulegeza, cha kuachia sindano isimame unapojaza bobini. Nyuma yake kuna pete nyembamba yenye masikio matatu. Ukiifungua kusafisha na kuirudisha vibaya, gurudumu litazunguka bure au halitaachia kabisa. Hujaharibu kitu. Itoe, igeuze nusu duara, irudishe.

Kuhusu vitambaa nitakuwa mfupi upande wa rangi, kwa sababu macho ni yako, na mrefu upande wa kufua. Fua kila kitu kabla ya kukata. Kitenge kipya kimejaa wanga na kitarudi. Kanga nyekundu mpya itamwaga rangi, na ukishaiunga na nyeupe hakuna dua itakayosaidia. Loweka, suuza mpaka maji yawe meupe, anika, piga pasi. Kanga na kitenge havina uzito mmoja, kwa hiyo usivichanganye ovyo mstari mmoja. Kizito huvuta chepesi. Kwa chini, marekani inatosha. Kitambaa hicho kilipata jina lake kwa kuwa karne ya 19 kililetwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, na nadhani ni haki kikalale tena chini ya mshono wa mashine ya Kimarekani iliyotengenezwa Scotland. Katikati, blanketi jepesi lililochakaa hufanya kazi nzuri kwa hali ya hewa yetu kuliko pamba nene ya kununua.

Hesabu sasa. Mshono wa viraka duniani kote ni robo inchi, yaani karibu milimita 6. Ukitaka mraba wa sentimita 10 uliokamilika, kata wa 11.2. Kanga ya sentimita 150 kwa 110 inakupa miraba 13 upande mmoja na 9 upande wa pili, jumla 117. Mfarishi wa kitanda cha mtu mmoja, sentimita 150 kwa 200, unataka miraba 300. Kanga tatu zinatosha na ziada. Mimi hutumia nne, doti mbili, ili nichague.

Zile milimita 6 ndizo roho ya kazi. Ukishona 7 badala ya 6, kila mshono unakula milimita 2 za ziada, moja kila upande. Mstari wa miraba 15 una mishono 14. Umepoteza karibu sentimita 3, na mstari wa jirani ulioshonwa na mkono uliotulia zaidi hautakutana nao popote. Kwa hiyo usitegemee jicho. Pima kwa rula milimita 6 kutoka kwenye sindano kwenda kulia, kisha bandika plasta ya kidonda, ile ya kitambaa, matabaka mawili au matatu, juu ya bati la kitako pale pale. Kingo ya kitambaa itatembea ikigusa plasta. Ni kifaa cha bei ya chai, na kinashinda vingi vya kuagiza.

Urefu wa mshono uweke milimita 2 hivi. Sindano namba 80/12 kwa kanga, 90/14 utakapopita matabaka matatu. Anza kila mara kwenye kitambaa cha kutupa ukiwa umeshika ncha zote mbili za uzi, halafu ingiza kiraka cha kwanza, na bila kukata uzi, cha pili, cha tatu, mpaka umalize ishirini vikiwa vimeshikana kama shanga. Vikate baadaye. Uzi ukijirundika chini kama tambi, usikimbilie kikopo cha bobini na bisibisi. Karibu kila mara kosa liko juu: inua mguu wa kukandamizia, toa uzi wote, uupitishe upya toka mwanzo. Uzi wa juu ukilala bapa kama waya na wa chini kuchungulia, umekaza mno; legeza robo duara, jaribu. Mshono uliomalizika upige pasi upande mmoja, kuelekea rangi iliyoiva zaidi.

Kwenye kupitisha nyuzi matabaka yote matatu, ya mkono inaanza kukuchosha, kwa sababu mkono mmoja uko kwenye mpini na mfarishi una uzito wa mtoto. Hapo ya kukanyaga ni bora, mikono yote miwili ipo kazini. Piga bandi kwanza, mistari mirefu ya uzi mweupe kutoka katikati kwenda pembeni, kila sentimita 12 hivi. Pini peke yake zitahama. Kunja upande wa kulia kama mkeka ili uingie kwenye nafasi ya mkono wa mashine. Kwenye 15 au 66 nafasi hiyo ni karibu sentimita 20, kwenye 28 na 99 ni ndogo zaidi. Shona mistari iliyonyooka tu, ukifuata mishono iliyopo. Au uungie viraka kwa mashine na upitishie kwa mkono, jioni, ukizungumza na watu. Wasiddi wa Karnataka, India, ambao mababu zao walitoka Afrika, hushona tandiko zao ziitwazo kawandi kwa mkono mtupu, wakianzia pembeni na kuzunguka kuelekea katikati, na nguo kuukuu za nyumbani ndizo mali ghafi. Sioni aibu yoyote ya kuchanganya njia.

Na kukusanya? Nitakuambia kama nilivyoambiwa na fundi mmoja mzee wa Ngamiani, Tanga, niliyempelekea mashine ya nne ndani ya mwaka mmoja. Aliitazama, akaniuliza, "Mwanangu, zile tatu umezitia mafuta lini?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nina tatu tu: 28K ya mkono ya kuungia viraka, 15 ya kukanyaga ya kupitishia nyuzi, na 99 kwa ajili ya wageni wanaotaka kujifunza. Mashine isiyozungushwa hukaza yenyewe kabatini. Ya nne nilimpa binti aliyekuwa anaanza kazi. Uingereza shirika la hisani la Tools for Self Reliance kwa miaka mingi lilikusanya cherehani kuukuu, likazikarabati na kuzituma Tanzania na nchi nyingine za Afrika kwa mafundi. Itakuwa ajabu zile tulizozipokea sisi zije kulala chini ya vitambaa vya mezani.

Basi kama kwenu kuna moja imefunikwa kanga pembeni ya kitanda cha bibi, usingoje mpaka msiba uishe na ndugu wagawane vitu. Nenda Jumamosi hii na kichupa cha mafuta, umkalishe bibi karibu akuonyeshe uzi unapita wapi. Mnunuzi wa vyuma chakavu naye anapita mtaani siku hiyo hiyo, na yeye hupima kwa kilo.